Nilinunua vacuum cleaner kwa wivu wa wifi, nikamfikisha mama hospitali

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wa rika langu mambo vipi.

Kuna member kauliza humu vacuum cleaner nzuri ya bei ya kawaida kwa ajili ya nyumbani. Nikaanza kumjibu kwenye uzi wake, nikaona jibu linakuwa refu na lina aibu yangu ndani. Bora nifungue wa kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya upuuzi nitasema ni upuuzi.

Mie ni mama wa watoto wawili, naishi Chamazi na mume wangu. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mie na mdogo wangu wa kiume, ambaye kajenga Kigamboni na anaishi huko na mkewe.

Mama yetu yuko Newala. Ana pumu ya miaka mingi.

Kila mwaka akishauza korosho zake anakuja Dar kama miezi miwili, anaonana na daktari wa kifua, anapumzika, anarudi. Siku zote anafikia kwangu. Kwa mdogo wangu huwa anakwenda wiki moja tu ya kusalimia.

Mwaka huu alikwenda hiyo wiki moja. Ikawa mbili. Ikawa mwezi.

Na kila akipiga simu, habari ni hiyo hiyo.

"Mwanangu, huku wana kimashine kinanyonya vumbi. Wifi yako anakipitisha kwenye godoro langu kila Jumamosi. Nalala mpaka asubuhi!"

Niseme kama lilivyo: niliona wivu. Sio ule wa kutaniana. Ni ule wa kukosa hamu ya kula. Yule mwanamke kaingia kwenye familia juzi juzi tu. Mama ni wangu, mie ndiye niliyekuwa nakimbia peku kuwaita majirani akibanwa kifua, nikiwa hata darasa la nne sijafika. Leo sifa zote zinakwenda Kigamboni kwa sababu ya kimashine?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wifi hana baya. Angekuwa na mdomo ningepata pa kumshikia. Mpole, ananiheshimu, ananitumia picha za mama WhatsApp akiwa anacheka. Kila picha nilikuwa naivuta iwe kubwa nione nyuma kuna kitu gani kipya. Ndivyo nilivyokiona hicho kimashine chenyewe, kidogo, chekundu, kimeegeshwa pembeni ya kochi.

Nikaapa. Na mie nanunua, na yangu itakuwa kubwa kuliko yake.

Nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza nilimkuta mzee mmoja wa Kiarabu, mstaarabu sana, anauza vyombo vya umeme. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuniuliza.

"Nyumbani kwako, binti yangu, chini pakoje? Zulia au tiles?"

Kwangu ni tiles nyumba nzima, na mkeka mmoja wa plastiki. Ila nilijisikia mnyonge kusema. Nikamwambia zulia.

"Na kuna mtu mwenye matatizo ya kifua?"

Huku anauliza, mkono wake umeshafika juu ya mashine ndogo nyekundu. Ile ile ya wifi! Akaniambia hiyo filta yake inazuia hata vumbi laini, na kwa mwenye kifua ndiyo anayoiuza zaidi.

Sasa mie nitoke Chamazi mpaka Kariakoo nikanunue cha kufanana naye? Aseme nimemuiga?

Nikamwambia mzee, kwangu wote wazima, nataka yenye nguvu.

Wakuu, nimerudia hilo jibu kichwani mara nyingi sana.

Basi akanipa lile pipa la lita ishirini lenye magurudumu, linalonyonya maji na vumbi, kama wanalotumia kwenye car wash. Akanisisitiza, "Ukinyonya vumbi usisahau kuweka mfuko wake ndani." Nikaitikia bila kusikiliza, nilikuwa natafuta kijana wa kunibebea.

Nimefika nyumbani, mume wangu akalizunguka lile pipa, akaniuliza, "Sasa hili litanyonya nini? Si huwa tunapiga deki?"

Kweli bwana. Sikuwa na kitu cha kunyonya.

Mtu mwenye akili angerudisha. Mie nikaenda Tandika, nikanunua zulia. Mmesoma vizuri, nilinunua zulia ili vacuum ipate kazi. La manyoya marefu, rangi ya maziwa, limejaa sebule yote.

Halafu nikampigia mama. "Njoo mama, na kwangu ipo sasa."

Alikuja Ijumaa, mdogo wangu ndiye aliyemleta. Akalisifia zulia, akavua viatu mlangoni, nikajiona nimeshinda.

Jumamosi asubuhi nikamkalisha kwenye kochi ili anione. Nikawasha. Kelele kama mashine ya kusaga, watoto wakakimbilia nje. Mama anacheka. Nami nasukuma huku na huku, nikiomba Mungu wifi apige video call muda ule ule.

Ule mfuko wa ndani, wakuu, nilidhani ni sehemu ya kifungashio. Nilishautupa pamoja na boksi.

Kumbe vumbi linaingia mbele na kutokea nyuma. Jua la dirishani ndilo lililonionyesha, hewa yote ya sebule imejaa unga na manyoya ya zulia jipya. Nikageuka. Mama hacheki tena. Kashika ukingo wa kochi kwa mikono miwili, mabega yamepanda, anatafuta pumzi haiji.

Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye mkoba. Akavuta, haikutosha. Tukambeba kwenye bajaji mpaka kituo cha afya, akawekewa mask ya dawa ya mvuke. Nesi akaniuliza, "Nyumbani mna zulia?" Nilitamani ardhi inimeze.

Wifi alifika na chupa ya uji. Nilimsubiri aseme neno moja tu, nipate pa kutolea hasira. Yeye akammiminia mama uji. Mwisho nikamuuliza mwenyewe, wenzetu mnafanyaje huko.

"Wifi, mie zulia nililitoa kabla mama hajafika. Chini nafuta na kitambaa kibichi. Ile mashine ni ya godoro na makochi tu, na wakati naiwasha mama anakaa nje. Nilimuuliza nini kinamsumbua, akaniambia ni vumbi la kitandani."

Yeye alimuuliza. Miaka yote hiyo anafikia kwangu, mie sikuwahi kumuuliza.

Wifi alipotoka kufuata dawa, mama akanishika mkono. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, ulidhani nakupigia simu kumsifia mkwe wangu? Nilikuwa nakwambia nalala. Miaka mingapi nimelala nimekaa? Nilijua wewe ndiye utakayefurahi kuliko wote."

Mama alikuwa ananipa habari njema kila siku, na mie nilikuwa nasikia jina la wifi tu.

Kwa member aliyeuliza: usidanganyike na ukubwa wala wati. Kama una tiles, deki inatosha, chukua ndogo ya godoro na makochi. Iwe na mfuko na filta nzuri, na uulize kama vinapatikana kuvinunua peke yake. Mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo, uweke mkono kule hewa inakotokea uone kama vumbi halitoki. Na akikuuliza maswali ya nyumbani kwako, jibu ukweli.

Mama karudi Kigamboni, atakaa huko mpaka siku ya kuondoka. Nilikwenda Jumapili mchana, wifi akanifungulia mlango taratibu, kidole mdomoni. Mama amelala. Amelala chali kabisa, mdomo wazi, mto mmoja tu.

Nilikaa saa nzima. Nilitaka kumwamsha ajue nimekuja, aniite mwanangu mbele ya wifi. Wivu ulikuwepo, tena mwingi. Nikamwachia matunda yake mezani nikaondoka kabla hajaamka.

Zulia nauza, lakini kama kwako kuna mwenye pumu sikuuzii.

Haya, na nyie semeni. Mmewahi kumuonea wivu mtu ambaye hajawakosea chochote? Nisiwe peke yangu humu.