Mletaji na Mashine ya Tatu

Fundi alikuwa amesimama juu ya meza, pini tatu amezibana kwa midomo, akitundika pazia jeusi kwenye dirisha la mwisho. Mikono ilikuwa kazini lakini macho yalikuwa kwa binti yake.

Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa ameshona sare, mashuka na mapazia, na shule aliishia darasa la saba. Kazi hii ya mapazia ya chuo cha uuguzi aliitafuta mwenyewe. Alipopata habari kwamba chumba cha maonyesho kinahitaji kutiwa giza, akaenda kuomba, na akachagua siku ya kuyatundika. Akachagua leo. Hakumwambia mtu kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya mwezi wa majaribio wa binti yake. Tangu alfajiri roho ilikuwa juu juu, na chai yake ilipoa kikombeni bila kuguswa.

Binti huyo walimwita Sindano kwa wembamba wake. Alisomea kompyuta, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu, mpaka ndugu wakachoka kuuliza anafanya nini. Sasa mkuu wa chuo alikuwa amempa kazi moja tu. Mkunga mmoja mstaafu alikuwa amerekodi masomo arobaini kwa kamera ya zamani, na kompyuta za chuo zilikataa kuyafungua. Masomo yaonekane katika vyumba vitatu kabla ya saa nane mchana. Yakionekana, Sindano ameajiriwa. Yasipoonekana, arudi nyumbani.

Hao wawili walikuwa wameanza na chumba cha kwanza, saa nne asubuhi, Fundi akijifanya amekuja kupima madirisha ya huko pia. Kulikuwa na kompyuta kubwa ya mezani, nzee, inayonguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta. Sindano aliandika mstari mmoja, akabonyeza, akakunja mikono.

"Sasa unasubiri nini?" Fundi akauliza.

"Namsubiri Mletaji, mama."

"Nani huyo?"

Sindano akacheka. Mletaji ni kitu alichokiandika mwenyewe katika ile miaka mitatu ambayo watu walidhani analala. Kuna programu, alieleza, ya kukata video, kuiunga, kuipunguza uzito na kutoa sauti yake. Waliitengeneza watu wengi wa nchi nyingi, na wanaigawa bure. Shida ni kwamba ilivyoandikwa ni kama kitambaa. Ili mashine iitumie, lazima kwanza ishonwe kwa kipimo cha mashine hiyo, na kuishona ni kazi ya siku nzima kwa anayejua, na kilio kwa asiyejua.

"Lakini wapo waliokwisha kuishona kwa kila kipimo, wakaiweka mtandaoni. Mletaji anaiuliza mashine, wewe ni aina gani? Ikijibu, anakwenda kuchukua yake, anaifungua, anaiweka mahali pake."

"Na kama mtu ametia sumu humo?"

"Kila mzigo una alama yake ya kuhakikishia, mama. Mletaji anailinganisha. Ikitofautiana hata kidogo, anautupa."

Hata kabla Fundi hajapata swali lingine la kumtia wasiwasi, mkunga mstaafu alitokea kwenye kioo cha kompyuta, mzee mwenye miwani, akinawa mikono. Kompyuta ile ile iliyokuwa imekataa wiki nzima! Fundi aliweka futi yake mezani.

Chumba cha pili kilikuwa na kompyuta ya kupakata ya mwalimu, nyembamba kama daftari, ya kampuni nyingine kabisa. Sindano aliandika mstari ule ule, herufi kwa herufi. Fundi alihesabu kimya kimya. Hakufika arobaini, mkunga akaanza kunawa mikono.

"Umeandika vile vile," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. "Nimekuangalia. Vile vile, na mashine si moja."

"Ndiyo maana nilimwandika."

Kwa hiyo walipofika chumba cha maonyesho, kwenye mapazia, Fundi alikuwa ameanza kupumua, akapanda mezani na pini zake. Mashine ya tatu ilikuwa kijidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kimefungwa nyuma ya projekta. Sindano akaandika mstari wake. Mletaji akauliza, akajibiwa, akaenda, akarudi, akaweka. Sindano akaiita programu ifanye kazi.

Mashine ikajibu kwamba faili la programu hiyo halipo.

Akajaribu tena. Halipo. Akafungua kabati la mafaili kwenye skrini, na faili lilikuwa pale pale, na jina lake, na uzito wake. Akaliita. Halipo.

Hapo ndipo alipoingia mtunza stoo, bwana mnene aliyebeba funguo nyingi kiunoni hata husikika akiwa bado ukumbini.

"Vipi, Sindano? Mashine imekataa hata kuitika salamu?"

"Inasema kitu hakipo, Mjomba, na kipo."

"Hata mke wangu husema hivyo nikiwa sebuleni." Akamgeukia Fundi. "Ungemfundisha ushonaji tu, Fundi. Nguo haibishani."

"Wewe hujawahi kushona nguo," Fundi akamjibu kupitia pini. "Kaa kitako, au nishikie pazia."

Mtunza stoo akashika pazia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Sindano alifuta, akaleta upya, akaangalia alama, zote sawa. Fundi alimjua: akifikia kutafuna kucha ya kidole gumba, machozi hayako mbali. Na kidole gumba kilikuwa tayari mdomoni.

Fundi akashuka mezani, akatoa pini.

"Ulimpimaje huyu?"

"Sikumpima, mama. Nilimuuliza. Kasema biti sitini na nne, kipimo kikubwa, nami nimemletea ya sitini na nne."

"Nani aliyejibu?"

"Mashine."

"Mashine nzima?"

Sindano akaitazama tena skrini. "Kiini chake," alisema polepole. "Kiini cha mfumo ndicho kinachojibu swali lile."

"Mimi mteja asipokuja mwenyewe, akimtuma mtu aniambie kipimo, sishoni," Fundi alisema. "Watu husema wapendavyo. Naomba niletewe nguo anayoivaa kila siku, naipima hiyo. Huyu hana nguo anazovaa?"

Sindano akageukia kibodi kama mtu aliyechomwa. Alichagua programu ndogo ambayo mashine ile ilikuwa ikiitumia siku zote, akaipekua ndani aone kipimo chake. Thelathini na mbili. Akachukua ya pili. Thelathini na mbili. Zote!

"Kiini ni kikubwa, na nguo zote ndogo," alisema. "Haioni njia ya kulivaa lile kubwa, ndiyo maana inasema halipo. Mama! Kwa mashine zote za namna hii Mletaji amekuwa akikosea, na sikujua."

Saa nane kasoro dakika tatu alimlazimisha Mletaji kuleta ya thelathini na mbili. Mkuu wa chuo alipoingia na wanafunzi nyuma yake, Fundi alikuwa akivuta pazia la mwisho, na gizani ukutani, mkubwa kuliko mlango, mkunga mstaafu alikuwa akipokea mwanasesere kwa mikono miwili na kusema, "Kichwa hakivutwi. Kinasubiriwa." Wanafunzi waliokuwa wakinong'ona wakasogea mbele. Mtunza stoo alisahau kuachia kamba ya pazia.

Mkuu wa chuo alitazama somo lote, akiwa amesimama. "Jumatatu njoo na vyeti vyako," alimwambia Sindano, akatoka.

Watu walipokwisha kuondoka, Sindano hakuinuka. Alikuwa akimrekebisha Mletaji, ili kuanzia leo kabla ya kuamini jibu apime kwanza nguo, kisha akaiweka kazi hiyo mtandaoni, mahali ambapo yeyote angeweza kuichukua.

"Na hao walioandika ile programu yenyewe," Fundi akauliza, "wanajulikana?"

Sindano akamfungulia orodha. Majina yalianza kupanda skrini, yakapanda, yakapanda, mengine kwa herufi ambazo Fundi hakuwahi kuziona, nyingine kama mishono, nyingine kama vinyumba vidogo. Alingoja yaishe. Hayakuisha. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akavuta kiti karibu.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Na taratibu. Nataka kuwaona wote."