Mlango Uliovua Nguo

Nakumbuka siku moja kuliko zote za ujana wangu, mwanangu: siku mlango wa baba yangu ulipovua nguo mbele ya wageni. Usicheke kwanza. Vuta mkeka ukae, maana kisa chenyewe kina mahali pake pa kuchekea, na nitakuonyesha tukifika.

Sie tulikuwa wa Temeke, Mwingereza akiwa bado anatawala. Temeke ya siku hizo ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule, na ukitaka kwenda mjini unaondoka na umande. Baba alikuwa kibarua wa kubomoa majumba makuukuu ya mjini. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe, akisaidiwa na mama: miti, udongo, makuti juu, vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao. Vyumba vya ndani vilikuwa na mapazia. Mama akiuliza, baba humwambia, "Milango ya ndani inakuja." Mama akafariki, milango haijaja.

Tukabaki watatu: baba, mie na mdogo wangu Mwajuma. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na majirani walikuwa wakimpa pole kwa hilo utadhani kafiwa. Mie nilikuwa nimeshaolewa nikaachika, nimerudi nyumbani na sanduku langu. Walionijua walisema kilichoniachisha ni mdomo, na sitawakatalia.

Mwajuma akaposwa na kijana wa Kariakoo, fundi cherehani, mtu na heshima zake. Sasa kwa desturi yetu, fungate, yaani zile siku saba za mwanzo, bwana harusi huja kukaa nyumbani kwa kina bibi harusi. Ndiyo heshima ya baba mwenye binti. Basi wiki mbili na siku kadhaa kabla ya harusi, akaja shangazi yake bwana harusi, Bi Tatu, kuangalia chumba. Mwanamke mrefu, msafi, anatembea kama anahesabu hatua. Akasimama ukumbini, akalishika pazia la chumba kwa vidole viwili, akasema:

"Mtoto wetu alale nyuma ya kitambaa, kama mgonjwa wa hospitali?"

Akaliachia pazia. "Kama mlango hamna, si neno. Fungate itakuwa kwetu Kariakoo. Sie tunayo milango."

Baba alikuwa barazani, anasikia kila neno. Hakugeuka. Binti yake achukuliwe siku ya harusi apelekwe nyumba ya watu, na yeye baba yu hai, kwa sababu hana ubao wa kuziba chumba. Nilimtazama mgongo wake, mwanangu, nikaumia kuliko siku niliyopewa talaka.

Kesho yake baba akamwomba msimamizi wao mlango mmoja wa ndani katika nyumba waliyokuwa wakiibomoa. Akapewa, na juu yake akapewa bawaba zake, komeo lake, na nusu debe ya rangi ya mafuta, ya kijani. Akaja nao juu ya mkokoteni mpaka Temeke. Wakati wa kuuteremsha ukateleza, ukambana mkono wa kulia, mkono ukavimba kama andazi. Akasema, "Itabidi nimtafute fundi." Mie nikadakia, "Fundi wa nini, baba, na mie nipo?"

Mlango wenyewe ulikuwa umetoka upande wa jikoni wa nyumba ile ya mjini. Ulikuwa na rangi juu ya rangi, nyeupe juu ya buluu juu ya kijivu, na juu ya zote masizi na mafuta ya sijui wapishi wangapi. Ukiushika unanata. Ningeuliza, ningeambiwa. Lakini mtu mwenye mdomo kama wangu haulizi. Nilikoroga rangi, nikachovya brashi, nikapaka. Kabla ya alasiri mlango wote ulikuwa kijani, unang'aa mpaka unajiona uso.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mie siku ile nilikitembeza mtaa mzima. Bombani nilikitaja, kwa muuza samaki nilikitaja, na kama hiyo haitoshi nikatuma salamu Kariakoo: mwambieni Bi Tatu mlango tayari, aje auone.

Akaja baada ya siku mbili. Tulikuwa tumeshauning'iniza kwenye miimo. Nikampa shikamoo kwa sauti ya mshindi.

"Marahaba. Haya, tuuone huo mlango."

Akaweka kiganja chote, akausukuma. Mlango ukafunguka vizuri. Lakini alipoondoa mkono, rangi ikamfuata. Ikaambuka kipande kizima, kama utando wa maziwa unapouinua na kijiko, ikabaki inaning'inia, na chini yake yakatoka yale masizi, meusi, yanang'aa mafuta. Bi Tatu akakitazama kiganja chake. Akautazama mlango. Akasema taratibu, wala hakupaza sauti:

"Mlango wenu unavua nguo mbele ya wageni."

Haya, hapa ndipo pa kuchekea. Cheka. Mie siku ile sikuweza. Alikwenda kulichukua lile pazia la zamani, tulilokuwa tumelikunja pembeni, akajifutia mkono. Kisha akasema atarudi Alhamisi ya wiki ya pili, siku moja kabla ya harusi. "Nikikuta hivi, bibi harusi mniandalie, naondoka naye."

Alipotoka niliilaumu rangi. Nikamlaumu aliyeitengeneza huko Ulaya. Nikalaumu unyevu, nikalaumu kiganja cha Bi Tatu kwamba kina jasho. Baba aliniangalia tu, na ule mkono wake umefungwa kitambaa.

Ndipo akatoka chumba cha nyuma Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa somo wa Mwajuma, mwanamke anayemfunda mwali na kumtengeneza mpaka siku ya ndoa. Mikono yake ilikuwa ya manjano kwa liwa, ule unga wa msandali anaopakwa mwali. Akausogelea mlango, akakwaruza kwa ukucha mmoja.

"Umeufanya nini huu?"

"Nimeupaka rangi, somo."

"Hukupaka. Umepakaza." Akanishika mkono. "Njoo."

Akanipeleka alikokuwa amekaa Mwajuma, amejifunika kanga, ananukia. Akauinua mkono wa mdogo wangu akauweka mbele ya macho yangu. "Leo siku ya tatu nausinga mkono huu, nausugua kwa singo mpaka utakate. Hina nitaitia siku ya mwisho. Kwa nini nisiitie leo, nikenda zangu kulala?"

Nikanyamaza. Mie, mwanangu, nikanyamaza.

"Kwa sababu hina haishiki juu ya taka. Na marashi juu ya jasho ni uvundo mara mbili. Kwanza unamsugua, unaondoa kila alichokivaa asichozaliwa nacho. Ukishampata mwenyewe, ndipo unampamba. Wewe umempamba ambaye hata hujamwona. Unajua mti gani huo uliopakaza?"

Sikujua. Nilikuwa na mlango siku nne, na sikujua ni mti gani.

"Basi kausinge mlango wako," akasema, akarudi kwenye singo yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kulipokucha tuliung'oa mlango kwenye bawaba, tukaulaza uani juu ya magogo mawili. Nilichuja maji ya majivu, makali yale yanayokula mikono, nikaumwagia na kuuacha unywe. Rangi zikalainika. Nikashika kigae cha chupa nikaanza kukwangua, kufuata urefu wa ubao, kidogo kidogo. Ikatoka kijani yangu ya aibu. Ikatoka nyeupe, ikatoka buluu, ikatoka kijivu. Majirani walipita wakasimama. Mmoja akauliza kama naufua mlango au naupika. Zamani ningemjibu mpaka akajuta. Siku ile nilikuwa na kazi.

Kila jioni Bi Mwanahawa alikuja uani kujinyoosha mgongo, na alikuwa na mzaha wake huo mmoja. "Mwali wangu leo kang'aa. Wako je?" Namwambia, "Wangu bado ana shingo chafu." Anainama, anachungulia pembe za mbao, anasema, "Na nyuma ya masikio pia." Ananiachia hapo.

Siku ya nne ya kukwangua, mti ukatokea. Mvule, mwanangu. Mvule wa kahawia wenye mistari ya dhahabu, mzima, haujaguswa na mchwa. Nilimwita baba aje aone. Akapitisha mkono wake mzima juu ya ubao, taratibu, kama anavyomgusa mtoto mgonjwa, akasema, "Kumbe tulikuwa na huyu." Nikausugua kwa majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, mpaka ukawa laini. Matundu ya misumari niliyaziba kwa chokaa niliyoikanda na mafuta. Chini ulikuwa mfupi, umepungua vidole vitatu, basi baba akashika kipande cha mbao kwa mkono wa kushoto, nami nikapigilia. Alinifundisha kushika nyundo siku hiyo hiyo. Nilijipiga kidole, tukacheka wote wawili, na ndipo nilipogundua kwamba tangu mama afe hatujacheka nyumbani.

Nikamwambia Bi Mwanahawa mti ni mzuri mno, nauacha hivi hivi. Akasema, "Bibi harusi ukishamwogesha humwachi uchi. Mvishe. Lakini nguo nyepesi."

Nikauvisha nguo nyepesi. Mkono wa kwanza wa rangi, ile ile ya kijani, ulikuwa mwembamba hata mti unaonekana. Nikangoja ukauke. Hapo ndipo nilipoteseka, maana rangi haikauki kwa kutazamwa, na mie nilikuwa naitazama kutwa. Nikasugua tena kwa msasa, nikafuta vumbi, nikapaka wa pili. Nikangoja. Nikapaka wa tatu. Jumatano tukauning'iniza.

Alhamisi Bi Tatu akaja na wanawake wawili. Safari hii sikumwita na sikumtangazia. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikamwona anapita ukumbini. Mlango ulikuwa umefungwa, Mwajuma na somo wake wamo ndani. Bi Tatu akaweka kiganja, akakibonyeza, akakiondoa. Safi. Akakwaruza kwa ukucha. Hakuna. Akatoa leso nyeupe, akaipitisha juu mpaka chini, mpaka kwenye zile pembe za nyuma ya masikio. Akaifungua leso mbele ya wenzake, nyeupe kama alivyokuja nayo.

Kisha akanyoosha mkono ausukume aingie, kama alivyozoea kulisukuma pazia. Mkono ukasita hewani. Akaukunja. Akagonga.

"Hodi," akasema.

Elewa jambo hili, mwanangu. Pazia haligongwi. Miaka yote ile hapakuwa na mtu aliyepiga hodi ndani ya ukumbi wetu, si ndugu, si mgeni, kwa sababu hapakuwa na cha kugonga. Bi Mwanahawa alikuwa ndani, amesikia, lakini alikaa kimya makusudi. Na jibu likatoka barazani, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu tumzike mama.

"Karibu," baba akasema. "Karibu ndani."

Fungate ikawa Temeke. Bwana harusi alikula siku zake saba nyuma ya mvule, na Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyetuletea uji asubuhi ya kwanza. Yule jirani aliyezoea kumpa baba pole ya kukosa mwana, alipousifu mlango, baba alimwambia, "Kautengeneza binti yangu." Baba alikuwa na tabia, akirudi kazini, ya kuufungua na kuufunga mara moja, asikie tu komeo linavyoingia. Baadaye alileta milango mitano mingine, mmoja mmoja, na yote niliisinga mie. Watu wa Keko na Mtoni wakaanza kuniletea ya kwao. Waliniita Bi Milango, na jina hilo nimelivaa bila haya. Babu yako naye alikuja kwa ajili ya mlango. Mdomo wangu nilikuwa nimeshausugua kidogo, ndiyo maana alikaa.

Mvule ule ndio huu unaougonga kila ukija kunisalimu. Juzi nimesikia mnanong'ona tuung'oe, tuweke mpya wa dukani wenye kung'aa. Sitaki ugomvi. Ila kabla hujashika nyundo, shika kwanza leso nyeupe, uupitishe kama Bi Tatu.

Na nasaha yangu ni hii. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Usikimbilie kupaka kabla hujasugua, iwe ni nyumba, iwe ni ndoa, iwe ni jina lako mwenyewe. Kosa lako usilifunike kwa rangi, litamfuata mtu kiganjani mbele ya wageni. Likwangue mpaka uone mti. Utaumia mikono, na watu watakucheka uani, waache wacheke. Na usikidharau kikuukuu kwa uchafu ulioletwa na wengine, maana hujui ni mti gani ulio chini. Tena ukimaliza, usikitangaze. Kaa jikoni upepete mchele wako. Mwenye kupita atagonga.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu. Akufungulie milango ya kheri usiyoijua, na ile utakayoifunga, aifunge kwa sitara. Na nyumba yako, iwe kubwa iwe ndogo, asiingie mtu bila kupiga hodi.