Soda ya Amoit Niliyoimwaga Mundika

Mwanzo wa habari hii nimeuandika na kuufuta mara nne, kwa sababu kila nikianza najikuta nataka kujitetea, na kujitetea hakuna maana wakati hema zima lilinishuhudia, kwa hivyo wacha niseme tu: ni mimi. Ni mimi yule mama wa Mundika aliyemnyang'anya mtoto wa wageni soda na kuimwaga kwenye nyasi, maiki ikiwa mkononi, halafu akasubiri kupigiwa makofi. (Na makofi nilipigiwa, hilo ndilo linaniuma zaidi.)

Sasa niwaambie nilivyofika hapo, na nitajaribu nisimwonee mtu, hata mimi mwenyewe.

Mimi nina sukari. Huu ni mwaka wa sita tangu nigunduliwe, nameza vidonge asubuhi na jioni, ugali nimepunguza, chai nakunywa kavu bila sukari, na kila asubuhi natembea kwa miguu mpaka barabara kuu na kurudi. Kliniki tuna kikundi chetu, na mwaka jana kikundi kikanichagua niwe nawaelimisha watu kuhusu sukari makanisani na kwenye mikutano. Niliishia darasa la saba, kwa hivyo mtu akiniita mwalimu huwa naangalia nyuma kuona anamwita nani, lakini nilikubali, nikapewa fulana, na fulana ina namna ya kumfanya mtu ajione anajua. Sista wetu wa kliniki alitufundisha vizuri. Hilo naliandika wazi ili lawama isimwangukie. Siku ya somo la aina za sukari, mimi nilikuwa nimevuka boda kidogo kununua matoke upande wa Uganda, nikijiambia nitarudi kabla halijaisha. Nilirudi wanakusanya viti. Nikatia sahihi kwenye karatasi ya waliohudhuria kama wenzangu, nikaenda nyumbani na matoke yangu.

Basi ikafika siku ya wageni. Mtoto wa kaka yangu, Nabwire, alikuwa ameposwa na kijana wa Malaba anayeitwa Omuse, na watu wa Omuse wakaja kwetu kujitambulisha. Mnajua utaratibu wetu: wageni wakishakaa, hakuna mtu anayeonja kitu mpaka kila mmoja wa pande zote mbili atajwe jina, asimame, apungiwe mkono. Anayetambulisha upande wa msichana ni senje, yaani shangazi, na senje ni mimi. Chakula kilikuwa kinaningojea mimi, ndiyo maana yake.

Kabla hatujaanza, msichana mmoja wa wageni alinifuata nyuma ya nyumba. Mwembamba, wa miaka kumi na mitano hivi, ana kimkoba kidogo kifuani. Ni mdogo wake Omuse, anaitwa Amoit.

"Senje, naomba mahali pa faragha nijidunge sindano."

"Sindano ya nini, mama?"

"Ya sukari."

Nikampeleka chumbani kwa Nabwire. Kwenye kichwa changu sindano ilikuwa kituo cha mwisho, pale wanapofikishwa watu waliokaidi vidonge na kunywa soda kwa siri, sasa huyu mtoto alikuwa amekaidi lini? Akanyanyua blauzi kidogo, akashika sindano kama mimi ninavyoshika kijiko, kisha kabla hajadunga akaniuliza, "Senje, chakula kiko karibu? Hii nikishadunga lazima nile."

Nikamwambia, "Kiko karibu kabisa, sufuria zinateremshwa." (Hazikuwa zinateremshwa. Ni ile adabu ya mwenye mji, mgeni akiuliza chakula huwezi kumwambia bado.) Akajidunga.

"Pole mwanangu," nikasema, "pipi zimekuponza."

"Si pipi, senje. Mwili wangu hautengenezi insulini. Niko hivi tangu nina miaka minane."

Nilisikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nikafungua mkoba, nikatoa kidonge changu, nikataka kumvunjia nusu. Akatabasamu kwa heshima, akasema, "Asante, lakini hicho hakiwezi kazi yangu." Nikajiambia, watoto wa siku hizi, na nikatoka nikiwa na mpango kichwani.

Mpango ulikuwa huu, na ndio uamuzi mdogo ulionimaliza: nikishika maiki, kabla ya majina, niseme neno moja dogo kuhusu sukari.

Wazee wa Malaba walianza wao, na kusema haki hawakuchelewesha. MC akanipa maiki, akanong'ona, "Dakika tano, senje, wapishi wananiangalia vibaya." Nikaanza. Nikasema sukari ni adui, nikasema soda, nikasema mandazi, nikaona watu wananisikiliza, na mtu ambaye hajazoea kusikilizwa akisikilizwa huwa hajui mahali pa kushukia. MC akanionyesha saa. Nikaanza majina, lakini kwa kila jina nikaongeza ushauri: huyu ni binamu yetu Barasa, Barasa simama, mnaona kitambi hicho? Watu wakacheka. Barasa alicheka pia, ni mtu mwema. Sijui nilichukua muda gani. Mke wa kaka yangu anasema ugali ulipikwa ukapoa, ukapikwa mwingine.

Hapo ndipo nilimwona Amoit. Alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, akaenda taratibu, kama anayepima ardhi kwa miguu, mpaka kwenye kreti za soda zilizopangwa ukingoni mwa hema. Akachukua ya machungwa. Akaifungua. Mimi nazungumza juu ya soda, na mgonjwa wa sukari, tena wa sindano, anafungua soda.

Nilishuka na maiki yangu. Nikamfikia kabla haijamgusa mdomoni, nikaichukua, nikaiinua juu watu waione.

"Wapendwa," nikasema, na spika zikalipeleka mpaka barabarani, "mtoto huyu ana sukari, anadungwa, nimeona kwa macho yangu. Na anataka hii." Nikaimwaga. Wamama wa kwetu wakapiga makofi.

Siri ya mtoto wa watu, jameni. Hata wenzake wa darasani hawakuwa wanajua, sembuse hema zima.

Amoit akasema, "Senje, nirudishie." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kuamshwa. Uso ulikuwa umelowa jasho na hakukuwa na jua hapo alipokuwa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaeleza kwenye maiki kwamba mnaona, sukari ikipanda hata ulimi unalegea. Akakaa chini kwenye nyasi iliyolowa soda.

Bwana harusi kwetu siku hiyo hukaa kimya. Hasemi, hainuki mpaka aitwe, hata kikohozi anakimeza. Omuse aliruka meza. Wazee wetu wakaguna, na yeye hakuwaona.

"Leteni soda. Sukari imeshuka, haijapanda. Leteni sasa hivi."

Na mimi (hapa kalamu inasimama) nilikuwa nimejiweka mbele ya kreti, nimetandaza mikono, nasema, "Mtamuua."

"Dada, toka hapo." Alikuwa mama yake Amoit. Mwanamke mfupi, amevaa gomesi ya kijani iliyopigwa pasi ikasimama mabegani, na hakunisukuma, alinipita tu kama mtu anavyopita pazia. Akatoa chupa, kifungulio hakikuonekana, akaifungua kwa meno. Akapiga magoti na gomesi yake yote kwenye nyasi, akamshika mtoto kidevu. "Amoit, unanisikia? Unaweza kumeza? Meza kidogo. Tena. Tena kidogo." Bila kuinua kichwa akatuambia, "Angekuwa amezimia nisingemwekea kitu mdomoni, ningetaka gari la kwenda hospitali. Kwa hivyo ombeni ameze."

Omuse akatoa kimashine kwenye kile kimkoba, akamdunga kidole, tone la damu likaingia. Mbili nukta nne. Mimi ninapopima yangu naogopa namba kubwa, maisha yangu yote ya sukari naogopa namba kubwa, sikuwahi kujua namba inaweza kushuka mpaka ikatishe hivyo.

Tukangoja. Hema zima, watu wote wale, pande zote mbili, tukawa tunamwangalia msichana mmoja akinywa soda. Nilikuwa nimesahau kuzima maiki, na spika zilikuwa zinatoa sauti ya pumzi yangu.

Halafu akaanza kurudi. Sijui niliandike vipi. Mmeona stima ikirudi wakati wa nguvu ndogo, balbu inaanza nyekundu kama kaa, inasita, halafu chumba kinaonekana? Ndivyo alivyorudi. Kwanza macho yakashika kitu kimoja, uso wa mama yake. Kisha mikono ikatulia. Kisha jasho likaacha. Akaangalia nyasi, akatuangalia sisi sote, akaona haya, akavuta sketi ifunike magoti. Ile ile sukari niliyofundishwa niikimbie, ile ile niliyoitangaza adui kwenye spika, ilikuwa imeingia ndani ya mtoto na kumrudisha mbele ya macho yangu. Nilijikuta nimevua viatu. Sijui nilivivua saa ngapi.

Wakampima tena, namba ikawa imepanda. Mama yake akasema, "Sasa chakula."

Kaka yangu, ambaye hajawahi kubadilisha utaratibu wowote maishani, akasema, "Leteni. Majina yaliyobaki tutayasikia tukitafuna." Na sahani ya kwanza, kabla ya wazee, kabla ya wakwe, ikaenda kwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyekaa chini. Hata mzee mmoja hakuguna.

Nilidhani Mama Amoit angekusanya watu wake waondoke, na ndoa ya Nabwire ikaishia hapo kwa sababu ya mdomo wangu. Alikuja akakaa karibu nami jikoni nilikojificha. Aliongea polepole, kama anayemfundisha mtu asiyeona vizuri.

"Yako, dada, mwili unatengeneza insulini, ila hauisikii vizuri au haitoshi. Ndiyo maana vidonge na kutembea vinakusaidia. Siku moja unaweza kuhitaji sindano, na haitakuwa dhambi yako. Ya huyu ni nyingine. Kongosho lake halitoi kitu. Hakula pipi, hakukosa. Vidonge vyako kwake ni kama kokoto. Bila sindano kila siku tutamzika, na akidunga asile, unaona mwenyewe."

"Kwa hivyo kila siku yeye ndiye..."

"Kila siku. Anapima, anahesabu sahani, anadunga. Kazi ambayo wewe na mimi tunafanyiwa ndani tukilala, yeye anaifanya kwa mikono. Tangu miaka minane."

Nimekuwa nikijiona shujaa kwa kunywa chai kavu.

Kaka akanirudishia maiki mbele ya watu wote. Nikaomba msamaha kwa Amoit, kwa kumwaga, kwa kutangaza, na kwa kumdanganya kuhusu sufuria, maana hilo yeye peke yake ndiye aliyelijua na haikuwa haki libaki siri. Amoit akameza kwanza.

"Nimesamehe, senje. Lakini ile soda ilikuwa baridi, hii ya pili haikuwa."

Watu walicheka mpaka Barasa akalala mezani. Jina la Senje Soda nililipata hapo hapo, na naitwa hivyo Mundika hadi Malaba.

Kliniki nilimweleza sista kila kitu. Alisikiliza, akafungua faili, akanionyesha sahihi yangu kwenye somo la aina za sukari. Nimelihudhuria somo hilo mara mbili tangu hapo, mara ya pili kwa kupenda tu, nikajua pia iko inayowashika wengine wakiwa wajawazito. Matoke nayanunua siku nyingine.

Nabwire na Omuse walioana miezi miwili baadaye. Nilikaa nyuma kabisa, nimeapa kutogusa maiki, na sijaigusa. Katikati ya hotuba Amoit alikuja amevaa gauni la wasimamizi, lisilo na mfuko, akaninyooshea chupa ya machungwa iliyofungwa.

"Senje, nishikie. Lakini nikisema lete, ulete."

Niliishika kwa mikono miwili mpaka hotuba zikaisha. Haikuhitajika siku ile, chakula kilikuja kwa wakati. Lakini niliona ilikuwa inapata joto mapajani mwangu, nikamwomba MC, kwa sauti ya chini, aniletee kibeseni cha barafu.