Pamba Sikioni Siku ya Mawindo

Nilikuwa kijana wa Kasongo mjini: kanzu nyeupe, kofia ya kiua, na majivuno ya kutosha kugawia mtaa mzima. Nilikuwa nimeposa binti huko Kabambare, nikimpenda hadi chakula hakipiti. Baba yake, mwindaji, alinijibu kwa neno moja tu: "Kuja tuwinde. Nitakuona porini."

Wallahi, juma hilohilo sikio langu la kushoto likaanza kutoa usaha. Mama akatia mafuta ya vuguvugu, akaziba kwa pamba. Nimwambie mzee? Thubutu! Mchumba anayenuka sikio! Nikavuta kofia chini, nikaingia porini kama bwana mkubwa.

Mbwa wa kule hawabweki. Huvaa kengele ya mti shingoni, nawe unafuata mlio. Nilipewa kuziba pengo kati ya nyavu mbili. Kengele ikalia, ko-ko-ko! Nikaisikia wazi, upande wa kulia. Nikachomoka na mkuki nikipiga kelele, "Iko huku! Iko huku!" Huko hakukuwa na kitu ila kichuguu. Paa alipita kushoto, kwenye pengo nililoacha, mbwa nyuma yake. Kesho yake posa yangu ikarudishwa.

Nikamwendea muuguzi wa Kasongo, nikitafuta wa kumlaumu.

"Chembe za mshipa wa fahamu wa sikio hazipigi ovyo," alinieleza. "Zinafuata mapigo ya sauti. Mapigo yakienda mbio zinapokezana, kama wanawake kwenye kinu kimoja. Ubongo unalinganisha masikio: lipi limetangulia kusikia? Tofauti iko ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini ndiyo inakuonyesha upande. Weye uliziba moja, basi kila kitu kikalia kulia."

Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nikapanda baiskeli, siku mbili za vumbi, kumpelekea mzee elimu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulikuwa na sikio moja."

"Ndiyo, baba! Unaona si kosa langu!"

"Na ulijua?"

Nikavuta kofia chini, kama siku ile.

"Ungesema, mwanangu, ningekuweka kando yangu. Sikio linapona. Lakini mutu anayetuficha ugonjwa wake penye mikuki, binti yangu atamuficha nini?"

Uani binti alikuwa anapepeta mpunga, na ungo ukanyamaza. Kisha akanigeuzia mgongo, akaendelea kupepeta.