Mwaka Mama Aliponyamaza

Juni hii nilirudi Matiri, kijijini kwetu, na kabla sijafika nyumbani nikapokewa na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Kama umekulia huku unaijua, ile chachu yenye utamu ndani yake. Nikawa tena binti wa miaka kumi na minne.

Mwaka ule mama alinyamaza. Hakufiwa, hakugombana na baba. Aliacha tu kuimba akipepeta mahindi, kisha akaacha kupepeta, mwisho akawa anashinda kitandani amegeukia ukuta. Nilipika ugali na dagaa wa ziwani, nikampelekea. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Nikajua ni mapishi yangu. Nilifua, hakutazama, nikajua sikutakatisha. Shuleni, mwalimu akiniita ubaoni kufanya hesabu, somo nililolipenda kuliko yote, nilimjibu kabla hajamaliza swali: "Siwezi."

Jirani yetu, mama mmoja mjane, akawa anakuja kutusaidia kumenya kahawa. Asubuhi moja aliniita kwenye pipa tulimoivundika ili utelezi wake utoke.

"Ingiza mkono. Iko tayari kuoshwa?"

"Sijui, mama. Tumuulize baba."

"Baba yuko shambani. Mkono wako unasemaje?"

Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Punje hazikuteleza tena, zilikwaruza kama changarawe.

"Iko tayari," nikasema.

"Haya, tuoshe."

Hakuhakikisha. Hakuchovya hata kidole.

Ndiye pia aliyemshawishi baba ampeleke mama hospitali, Mbinga mjini. Huko wakasema ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una tiba. Ilichukua miezi. Siku moja nikichambua kahawa kwenye chanja, mama akatoka na kanga mabegani, akasimama kando yangu.

"Ulidhani nimekukasirikia?"

Niliinamia chanja, nikatoa punje moja mbovu.

"Nilikuwa naumwa, mwanangu. Chakula chako kilikuwa kinanukia hadi kitandani. Mikono ndiyo haikuinuka."

Nililia palepale, huku naendelea kuchambua.

Jirani yule amekwishafariki. Palipokuwa na nyumba yake pamelimwa mahindi. Mashine yetu ya kumenyea imeliwa na kutu, kahawa siku hizi inapelekwa mtamboni. Mama yupo, na ziko siku bado hunyamaza. Basi navuta kigoda, nakaa naye, wala sijiulizi tena nimekosea nini.