Jina la Opiyo Siku ya Krismasi

Baba yangu aliitwa Yakobo Okello, mzaliwa wa kijiji kilicho nje ya Kitgum. Mama yangu aliitwa Hawa binti Juma, na kwao ni upande wa Yumbe. Baba alikuwa Mkristo na askari jela. Mama alikuwa Mwislamu asiyekosa swala. Kwa kuwa mama hakujua Kiacholi, na baba hakujua lugha ya upande wa mama, nyumba yetu ilizungumza Kiswahili, na ndicho ninachotumia kukuambia haya, Aber, mjukuu wangu. Andika kama ninavyosema. Usirembe, na hiyo simu iweke mbali.

Mimi ni Acen. Nilizaliwa katika nyumba za askari wa gereza la Luzira, Kampala, nikimfuata pacha wangu, Opiyo, aliyetangulia kutoka. Yeye alipelekwa shule. Mimi nilipewa mtungi wa maji. Ndiyo sababu leo kalamu iko mkononi mwako.

Nyinyi mnaijua Krismasi ya kuondoka. Desemba ikifika, Kampala humwaga watu wake wote. Mabasi hujaa kuku na magodoro, na mji hubaki na mbwa na walinzi. Sisi watoto wa askari jela hatukuondoka. Wafungwa hawana likizo, na baba alisema kwamba penye kazi yake ndipo nyumbani. Kwa hiyo kwetu watu walikuja. Kaka zetu wakubwa, waliofanya kazi Jinja na Tororo, waliteremka kutoka kwenye treni wakiwa na masizi usoni na mikate kwapani, nasi tuliwapokea kwa kelele kana kwamba wametoka vitani.

Sikukuu ilipokaribia, kina mama walipaka kuta chokaa, na mpaka leo nikinusa chokaa mbichi naona njaa. Harufu yake ilichanganyika na moshi wa kuni na samaki waliokaushwa kule Port Bell. Baba alinunua jora moja la kitambaa, na fundi akatushonea humo sote, mashati ya wavulana na magauni ya wasichana. Tulipokwenda kanisani kwa pamoja, watu walidhani mapazia yametoroka dirishani. Kwenye kiwanja cha gwaride tulicheza kwepena kwa mpira wa majani ya migomba, na Opiyo alikuwa mwembamba kiasi kwamba mpira ulimkosa hata aliposimama tu. Watoto wa leo wanacheza kwa vidole gumba wakiwa wamelala chali, kisha wanalalamika kuwa wamechoka.

Kuku walichinjwa na jirani yetu, Mzee Ramadhani, ili mama naye aweze kula nyama ya sikukuu isiyokuwa yake. Baba hakuwahi kuwachinja mwenyewe. Huo ndio ulikuwa upendo wao. Sikuona mwingine, na huo ulitosha.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na jambo. Baba alivaa sare yake ya kaki, iliyotiwa wanga wa muhogo mpaka ikaweza kusimama bila mtu ndani, akasimama mlangoni na kupaza sauti: "Foleni!" Tulijipanga kwa umri, naye akaita majina kama alivyowaita wafungwa asubuhi.

"Opiyo!"

"Nipo, afande!"

"Acen!"

"Nipo, afande!"

Opiyo alijibu kwa sauti nene ya kuigiza, na baba aliuma midomo asicheke. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye bado hakujua kusema, alifinywa na aliyembeba, na kilio chake kikahesabiwa kuwa jibu. Mpaka jina la mwisho lijibiwe, hakuna aliyegusa sufuria. "Kule gerezani nahesabu watu ili wasitoke," baba alituambia. "Hapa nahesabu nijue wamerudi."

Tulipokuwa vijana, Opiyo alipata kazi pale Port Bell, kupakia mizigo kwenye meli zinazobeba mabehewa. Asubuhi moja, Krismasi ikiwa karibu, alitoka akiwa amevaa shati la sikukuu. Mama alimwona.

"Toa hiyo shati, wewe! Itachafuka bure mbele ya sikukuu!"

"Acha wanione kwanza, mama. Nitafua nikirudi."

Hakurudi. Miaka ile ya serikali ya kijeshi watu walitoka na hawakurudi, na aliyekwenda kuwaulizia mara ya pili wakati mwingine naye hakurudi. Baba aliulizia mara moja. Alikuja nyumbani, akakaa kitandani, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, na tangu siku hiyo hakuuliza tena, kwa maana alikuwa na watoto wengine. Hatukupata mwili. Hatukupata kaburi. Hatukupata hata mtu wa kutuambia tuache kungoja.

Krismasi ikafika. Baba akavaa sare, akasimama mlangoni, akaita. Aliwaita kaka zetu wakubwa, wakajibu. Kisha akasema, "Acen."

Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Nikukumbushe kwamba wazazi wa mapacha wanajulikana kwa mapacha wao. Hakuna aliyemwita baba yangu Okello isipokuwa mkubwa wake wa kazi.

"Umeruka mtu, Baba Opiyo."

"Hawa, nakuomba. Si mbele ya watoto."

"Hao watoto wamesikia. Umeruka mtu."

Mama akaipua sufuria, akaifunika, akakaa chini kizingitini, akanyoosha miguu ili mtu asipite. Tulikaa hivyo mchana kutwa. Nyumba za jirani zilinuka pilau na kuimba, na mafuta ya kuku wetu yaliganda yakawa meupe. Wadogo walilia njaa, na hakuna aliyewabembeleza. Jua lilipokaribia kuzama, baba alivaa kofia yake, akarudi mlangoni, akaanza kuita upya, tangu jina la kwanza. Kaka zetu wakajibu, kisha akaita:

"Opiyo!"

Mama alijibu bila kusimama: "Yuko njiani, afande."

Kisha tukala, chakula kikiwa baridi. Sijawahi kula chakula kizito kama kile.

Mama alijibu hivyo kila Krismasi mpaka kifo chake, wala hakuwahi kusema neno jingine juu ya mwanawe. Baba naye akafuata. Kaka zangu walizeeka na kwisha mmoja mmoja, na wito ukaja kwangu, mwanamke nisiyejua kusoma, nikiwa na majina yote mdomoni. Sasa ni hapa Kyebando ninapoita, na kwa Opiyo ninaita na kujibu mwenyewe.

Krismasi iliyopita ulikuwepo, uliona. Binamu zako walijibu "Nipo" bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Yule aliye Dubai alijibu kwenye kioo cha simu, na mtandao ukakatika alipofika "Ni—". Nilimhesabia kama tulivyomhesabia mtoto aliyefinywa. Kisha baba yako, Okot, mwanangu wa kumzaa, akaniambia mbele ya wote: "Mama, jina la mjomba tuliache sasa. Watoto wanaogopa, unaita maiti mezani. Mwaka kesho twende tukale hotelini Bugolobi, upumzike."

Nilimwambia: "Maiti nimezika wengi, Okot. Umewahi kunisikia nikiwaita?"

Akauliza, "Na siku usipokuwepo, nani atamjibia?"

Ndiyo sababu nimekuita leo na kalamu.

Zamani zile, mtu mmoja alipokosekana, chakula cha nyumba nzima kilipoa. Siku hizi simu zenu zinawaonyesha kila mmoja yuko mtaa gani, na hakuna anayeulizwa kwa nini hakuja. Chakula kinapigwa picha kikiwa cha moto, kinaliwa, kila mtu anakwenda zake.

Sasa sikiliza unachopaswa kukitunza. Sare ya baba ililiwa na mende, usiitafute. Kuku achinjwe na Mwislamu, hata kama hakuna Mwislamu atakayekaa nasi, kwa heshima ya Hawa binti Juma. Majina yashike kichwani, si kwenye karatasi hii. Mimi nimeyashika hivyo. Krismasi ijayo tutakula hapa Kyebando. Nitaita, nawe utajibu kwa ajili ya Opiyo, kwa sauti, bila kunong'ona: yuko njiani, afande. Baadaye baba yako ataita. Akiliruka jina hilo, usibishane naye. Funika sufuria, ukae mlangoni.

Mimi nikifa mtanizika kwa mikono yenu, na mtajua nilipo. Baada ya jina la Opiyo ni langu. Hilo mliruke, mle chakula kikiwa cha moto.