Jiwe Lenye Pengo

Marcellin alianza kuyashuku macho yake kwa sababu ya mashuka.

"Mama Héritière, umefulia sabuni gani? Yamekuwa manjano."

Thérèse, mkewe, aliyapeleka mlangoni mwa chumba chao cha mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, penye mwanga. "Manjano wapi, Papa? Meupe kama siku ya kuyanunua."

Marcellin aliyachukua, akayatazama tena. Kwa miaka kumi na minne, tangu atoke Kisangani, ugali wake ulitoka katika kutofautisha weupe na unjano. Alimfanyia kazi Nassir, mtu wa Tanga anayenunua almasi ghafi katikati ya jiji. Meza ya Marcellin ilikuwa kwenye dirisha la kusini, upande usiopigwa na jua, na kila jiwe alilipumulia kwanza ili mng'ao ufifie, rangi ibaki peke yake. Akisema "nyeupe," bei ilipanda. Akisema "chai," kwa yale yenye unjano, ilishuka. Hakuna aliyebisha.

Jumatatu Nassir alimwekea jiwe moja juu ya karatasi.

"Mzee wangu, mawe ya juzi uliyoyaita chai, wachongaji wanasema meupe. Hebu nitazamie hili. Taratibu."

Marcellin alilipumulia. Chai. Akalipumulia tena. Chai, tena ya rangi. Ndipo kidole chake kilipogusa pengo dogo kwenye pembe, akalitambua. Lilikuwa jiwe la kwanza alilopewa siku aliyoajiriwa, lile ambalo Nassir hakuliuza kamwe. Siku ile alisema nyeupe, na ndivyo lilivyokuwa.

"Nyeupe," alisema.

Nassir alishusha pumzi, akacheka. "Alhamdulillahi. Nilishaanza kukuzeesha bure. Kumbe vipofu ni hao wachongaji." Akafungua mlango. "Emery, ingia ndugu yangu. Mzee yuko tayari."

Emery aliingia na vumbi la safari, siku tano kwa basi kutoka Kongo, vibali vyake vimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Alimimina mawe arobaini juu ya karatasi nyeupe mezani, kwa uangalifu, kama mtu anayemimina maziwa ya mtoto.

"Papa Marcellin, kule kwetu wanasema jicho lako halidanganyi. Bei utakayotaja, sitabisha."

Marcellin aliokota la kwanza kwa kibanio. Akalipapasa pembe zote kwa kidole. Halikuwa na pengo. Akalipumulia. Akalipumulia tena. Mawe yote, na karatasi iliyoyabeba, yalikuwa na rangi moja, ya chai.

Emery alikuwa akimtazama mdomoni.